Sura ya Tisa: Hakuna Aliyemuuliza Mabruka

Lella Munjia aliingia nyumbani kwa Mabruka bila hodi. Hakuwa na nia mbaya. Katika umri wake wote hakuwahi kufika pale. Kila alipomhitaji Mabruka alituma mtu, na Mabruka akaja. Kwa hiyo alisukuma mlango, akaingia na msururu wa wanawake wa ukoo wake nyuma yake, akautazama ua uliofagiliwa na kumwagiwa maji na kutandikwa mikeka, akawaambia wenzake kwamba kumbe panakalika.

Shiraz alilisikia neno hilo akalimeza. Alikuwa ameketi kwenye mto mkubwa ukutani, amevaa gauni la buluu aliloshonewa na shangazi yake huyo Mabruka, hina bado mbichi viganjani. Asubuhi alijiapiza kwamba leo atameza kila atakachoambiwa. Mwanamke aliyeandika vitabu vitatu vya kuwafundisha wasichana wasimeze alikuwa amekubali kumeza, kwa sababu alimpenda Wajdi mtoto wa Lella Munjia, na mapenzi yakimkolea mtu humfanya mnafiki kwa hiari yake.

Vilikuwa vitabu vyembamba vya wanafunzi wa sekondari na vyuo: kimoja cha haki za mwanamke, kimoja cha rangi ya ngozi, kimoja cha jinsi Mfaransa alivyoondoka Tunisia huku akibaki vichwani mwa watu. Mchapishaji wake alikuwa Wajdi. Na walijuana kwa ugomvi. Wajdi alikwenda Gabes kuwahutubia wanafunzi kuhusu ukoloni, akawaonyesha kwa fahari kitabu kipya alichokitoa, na Shiraz, wakati huo mwalimu wa historia, akasimama nyuma ya ukumbi akamuuliza kwa nini watoto wote kwenye jalada wamevaa viatu isipokuwa yule mweusi. Ukumbi mzima ulicheka. Wajdi hakucheka. Alikigeuza kitabu, akakitazama muda mrefu, akasema hakumwona. Jalada likachorwa upya, na nakala ya kwanza ikaletwa shuleni kwa Shiraz kwa posta. Mwanamume wa kuambiwa akasikia! Hapo ndipo Shiraz alipokwisha.

Mama yake Wajdi ndiye aliyekuwa ukuta. Mababu wa Shiraz walikuwa watumwa wa mababu wa Wajdi, na hapa kisiwani Jerba hakuna asiyejua nani alikuwa wa nani. Utumwa ulifutwa zamani sana, lakini kazi zake nyingine zilibaki na kubadilishwa jina zikaitwa desturi. Harusi ikitokea nyumbani kwa kina Lella Munjia, mwanamke wa ukoo wa Mabruka ndiye anayejitanda kitambaa chekundu na kupita nyumba kwa nyumba, akiimba mlangoni na kualika watu. Mabruka aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, kama mama yake kabla yake. Lella Munjia aliposikia kwamba mwanawe anamtaka Shiraz alilala kitandani siku kadhaa akasema mguu unamuuma. Halafu, baada ya miaka miwili ya kukataa, akakubali ghafla. Shiraz alifurahi mno hata hakuuliza kilichombadilisha.

Sasa wanaume walikuwa chumba cha mbele pamoja na Wajdi, wakinywa chai ya kijani yenye lozi. Mjomba wake, Mzee Hedi, ndiye aliyeletwa kusoma Fatiha. Ikishasomwa, neno limefungwa, na hakuna tena mtu wa kusema alikuwa anatania. Kati ya chumba hicho na ua lilining'inia pazia, na upande mmoja wa pazia uliachwa wazi kidogo, nadhani mnajua na nani. Kila mara Shiraz alipoinua macho aliyakuta ya Wajdi yanamsubiri. Aliyaona nyuma ya miwani yakimwambia vumilia, bado kidogo, nami nakufa hapa. Moyo ukamlainika akasahau habari ya kukalika.

Lella Munjia akafungua kikapu chake. Akatoa sukari, akatoa hina, akatoa mkufu wa dhahabu uliofanya wanawake wote wasogee. Kisha chini kabisa akatoa kitambaa chekundu, akamnyooshea Mabruka aliyekuwa amesimama na birika, kwa kuwa tangu wageni waingie hakuna aliyemwambia akae.

"Haya Mabruka, hiki hapa. Ni kile kile cha harusi ya kaka yake Wajdi. Utaanza Alhamisi. Anza na nyumba ya daktari, kisha wale wa msikitini. Watu wa sokoni waache mwisho, wana maneno."

"Ndiyo, Lella, bibi yangu," alisema Mabruka. Akaweka birika chini, akajitanda kile kitambaa begani kuona kama bado kinamtosha, na wanawake wakapiga vigelegele.

Mabruka ndiye aliyemlea Shiraz tangu baba yake alipofariki. Siku ile alikuwa mama wa bibi harusi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mgeni alikuwa amemtuma. Shiraz akatazama kwenye ule upenyo wa pazia. Wajdi alikuwa ameona kila kitu. Macho yao yalikutana, halafu Wajdi akayashusha kwenye glasi yake ya chai kama mtu anayetafuta mdudu.

Shiraz aliinuka akaenda jikoni. Hakumwita, lakini alijua atakuja, na akaja.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi nenda kamwambie mama yako. Mwambie Shangazi leo ni mama wa bibi harusi, anakaa, na wa kualika atafutwe mwingine. Ukimaliza wasome Fatiha yao."

"Shiraz, leo siyo siku yake."

"Siku yake ni ipi? Siku ya maonyesho ya vitabu?"

"Usinitolee vitabu."

"Nisikutolee vitabu! Wewe? Mwezi uliopita ulisimama mbele ya wanafunzi pale Sfax ukawaambia unyonge unaanzia sebuleni kwa mtu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele nakutazama kama mjinga. Sebule hiyo hapo, Wajdi. Hatua chache tu."

Alikuwa karibu naye, kiasi cha kunusa sabuni kwenye shati lake, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hata sasa, katikati ya hasira, mkono wake ulitaka kumrekebishia kola. Aliukunja. Wajdi akaanza kumweleza, kwa sauti ya chini, alivyohangaika mpaka mama yake akakanyaga pale. Akasema alilia mbele ya mama yake, mtu mzima na ndevu zake.

"Ukalia, akakubali?"

Wajdi akavua miwani, akaanza kuipangusa kwa pindo la shati. Shiraz alimjua vizuri. Hakuwa mtu wa kupangusa miwani isipokuwa ana jambo.

"Wajdi. Alikubali vipi?"

Ikamtoka kidogo kidogo. Mama yake alichoogopa ni kisiwa: kwamba watu watasema amekwenda kukaa meza moja na waliokuwa wakimwandalia meza. Wajdi akatafuta njia, akaipata. Alimwambia mama yake kwamba Mabruka ataalika kama siku zote. Watu wakimwona mlangoni na kitambaa chekundu watajua hakuna kilichopinduka, kila mtu bado yuko mahali pake, na midomo itafungwa. Harusi ikipita, yeye na Shiraz watakwenda zao Tunis waishi wanavyotaka. Tena, akasema, na hapo akainua macho kama mwanafunzi anayetegemea alama, nyimbo zile za mlangoni siku hizi anazijua Mabruka peke yake. Ni urithi. Aliona kama ni kumheshimu.

Shiraz alimtazama mtu aliyemfundisha wino wa vitabu vyake unavyokauka, aliyemsomea kurasa zake kwenye simu mpaka anasinzia.

"Mimi nilidhani ni ujinga wa mama yako," alisema. "Ujinga nauweza. Kumbe ni akili yako."

"Nilifanya kwa ajili yetu."

"Shangazi yangu yumo kwenye hiyo yetu?"

Mabruka aliingia wakati huo huo na sinia la glasi chafu, kitambaa bado begani. Aliwaambia wapunguze sauti, wageni wanasikia. Kisha, alipoona uso wa mtoto wake, akauliza kama ni habari ya kualika, na bila kusubiri jibu akasema yeye alikuwa anajua. Wajdi alikuja wiki iliyopita akamweleza, naye akasema sawa.

"Ukasema sawa?" Shiraz aliuliza.

"Ningesema nini? Kitambaa hiki nimekivaa maisha yangu yote, mara moja zaidi itanipunguza nini? Nataka uolewe. Unampenda. Usiku unaongea naye kwenye simu mpaka nakosa usingizi. Basi acha niwapitie hao watu, yaishe."

"Shangazi, wanakufanya mtumwa kwenye harusi yangu."

Mabruka akaweka sinia. Aliliweka polepole, akapanga na glasi moja iliyokuwa imeinama.

"Na wewe kwenye kitabu chako ulinifanya nini?"

Shiraz akamtazama bila kuelewa.

"Binti wa jirani anasoma sekondari, wamegawiwa shuleni. Alinisomea chote, pale pale ulipokuwa umekaa. Kuna mwanamke humo anaimba milangoni, anainamisha kichwa, anafunga makombo kwenye nguo yake anakwenda nayo nyumbani. Ana kovu langu hili la kidevuni. Sasa watoto wa nchi nzima wananionea huruma, na mimi sikujua kama nahurumiwa. Makombo ya mtu sijawahi kula, Shiraz. Nilipewa sahani yangu nikakaa nikala. Uliniuliza?"

"Shangazi, niliandika kwa..."

"Nimekuuliza kama uliniuliza."

Hakuwa amemuuliza. Aliandika ukurasa ule akilia, usiku wote akilia kwa mapenzi na uchungu, na asubuhi akampelekea Wajdi, na Wajdi naye akalia, wakakubaliana kwamba ni ukurasa bora kuliko zote. Watu wawili wazima, wenye elimu yao, walimlilia mwanamke aliye hai na hawakufikiria kumpigia simu. Shiraz alitamani sakafu ya jikoni immeze.

Huko uani Lella Munjia alikuwa amechoka kusubiri. Alikuja mwenyewe hadi mlango wa jikoni, akauliza kama kuna maiti humu ndani au vipi, maana Mzee Hedi amenyoosha mikono ya dua mpaka inamtetemeka. Akatazama nyuso zao, akaelewa. Hakuwa mjinga kiasi kile.

"Binti," alimwambia Shiraz, "vitabu vyako tumevivumilia. Vya kuwafundisha watoto wa watu wawadharau mama zao. Nimesema sawa, ni ujana, akizaa ataacha. Lakini leo usiniletee ukurasa. Sisi tumeshuka mpaka hapa kwa ajili yako."

"Mmeshuka kutoka wapi?"

"Usinichokoze. Nyumba hii unayonivimbia ndani yake, kiwanja alitoa nani? Muulize shangazi yako. Baba yangu ndiye aliyempa baba yake. Na hatujawahi kuwakumbusha hata siku moja."

"Umetukumbusha sasa hivi, Lella."

"Kwa kuwa umenilazimisha. Mabruka, mfunze mtoto wako."

Mabruka alitazama chini. Shiraz akamgeukia Wajdi. Hasira zilikuwa zimemwisha, kilichobaki kilikuwa ombi, na mtu yeyote aliyewahi kupenda angelisoma usoni pake. Hakutaka hotuba. Alitaka aseme kitu, sentensi moja, chochote ambacho mama yake angekisikia na Mabruka akakisikia. Alikuwa tayari kumsamehe mengine yote hapo hapo, na akikumbuka siku ile mpaka leo anajua kwamba angemsamehe.

"Mama, basi," alisema Wajdi. Kisha akasema, "Tutazungumza nyumbani."

Shiraz akatoka jikoni. Alipita katikati ya wanawake, akaruka kikapu, akalivuta pazia la chumba cha wanaume. Mzee Hedi alikuwa kweli amekunjua viganja, macho amefumba, mzee wa watu asiye na kosa.

"Mzee, shusha mikono," alimwambia. "Hakuna cha kusoma."

Sitaeleza kelele zilizofuata, kila mtu ameshawahi kusikia watu wakisusa. Mkufu ulirudishwa kikapuni, sukari ikarudishwa, hina ikamwagika mkekani. Mmoja wa wanawake alisema alijua tangu mwanzo kwamba damu ni damu. Lella Munjia alimvuta mwanawe mkono kama mtoto aliyepotea sokoni, na Wajdi akavutwa, na hicho ndicho kitu cha mwisho Shiraz alichokiona kabla macho hayajajaa.

Walipobaki wawili, Shiraz alijaribu kuomba radhi. Mabruka hakutaka kusikia. Alikivua kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya kabati, akasema kwa hasira kavu kwamba yeye hakumtuma mtu amtetee. Alikuwa amepika kuskusi ya samaki ya watu wengi, sasa ataila nani? Akaketi uani na sufuria na bakuli, akaanza kuwagawia majirani. Alimwaga mchuzi kwa nguvu kiasi cha kurukia gauni lake mwenyewe jipya. Shiraz akabaki mlangoni pa jikoni akimtazama, na hakuthubutu kusogea.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kitambo Wajdi aliporudi.

Alisimama langoni peke yake, kola imemkaa vibaya, vumbi hadi magotini. Alikuwa ameshuka kwenye gari la mama yake njiani, mama yake akamwambia akishuka asirudi, akashuka. Alieleza hayo kwa maneno machache na hakuyafanya ushujaa. Shiraz alihisi moyo unamruka kifuani bila aibu yoyote. Alimpenda. Saa chache za chuki hazikuwa zimelipunguza hilo hata kidogo, na alijichukia kwa jinsi alivyofurahi kumwona.

"Nimekuja kuomba upya," alisema Wajdi.

"Mimi usiniombe," Shiraz alimjibu. "Wewe na mimi tumeshasema ya kututosha. Humu ndani kuna mtu mmoja ambaye hajawahi kuulizwa kitu. Ulikuja ukamweleza. Mimi nikamwandika. Mama yako anamtuma. Kamuulize yeye."

Wajdi alivuka ua, akachuchumaa mbele ya sufuria. Mabruka aliendelea kuteka kuskusi. Wajdi alianza kwa kumwambia kwamba amekosa, kwamba alikuja kumweleza jambo ambalo alishaliamua, na kwamba hakumpa nafasi ya kukataa kwa sababu alijua hatakataa. Mabruka akasema ni kweli.

"Bi Mabruka, nakuomba Shiraz nimuoe. Sikuja na mtu. Hakuna kualika, hakuna kitambaa, hakuna sharti. Nakuuliza tu."

Mwiko ukasimama hewani. Mabruka alimwinulia macho, kwa mara ya kwanza siku ile, akamkagua uso kama anayekagua nguo sokoni.

"Nikikataa?"

"Nitaondoka."

"Hutanijia kesho kunieleza?"

"Sitakuja."

"Wala huyu hatakuja kunisomea ukurasa?" Alimwonyesha Shiraz kwa kidevu.

Shiraz alitikisa kichwa. Alikuwa tayari anatabasamu kupitia machozi. Alimjua shangazi yake. Ndiye aliyeshona gauni, ndiye aliyekubali kutembea kisiwa kizima na kitambaa begani ili ndoa hii iwe, ndiye aliyesema jikoni kwa mdomo wake, nataka uolewe. Alianza kufikiria watakavyowaambia watu, na kama mkate wa kesho utawatosha watatu.

Mabruka alifikiri. Hakuwa na haraka, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Aliupitisha mwiko ukingoni mwa sufuria, akaulaza.

"Basi nakataa," alisema.

Wajdi alibaki amechuchumaa. Alitaka kuuliza kitu, pengine kwa nini, pengine mpaka lini. Hakuuliza. Aliinuka, akamwambia amesikia, akamtazama Shiraz mara moja tu, muda mrefu, kisha akaelekea langoni.

Shiraz akafungua mdomo. Alitaka kulia, Shangazi, hukumwelewa, alitaka kusema yeye ndiye anayejua kilicho bora, alitaka kusema Shangazi anafanya hivyo kwa hasira tu na kesho atajuta, na kila neno alilolifikia alikuta ni lile lile ambalo yeye mwenyewe aliwaandikia watoto wa nchi nzima kwamba mwanamke asiambiwe. Mabruka alimwomba alete bakuli jingine. Akaenda kulichukua, akilia kwa sauti sasa bila kujificha, na nyuma yake akamsikia Wajdi akilifunga lango taratibu, kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya watu.